Gari ya umeme Unguja: chaji ya nyumbani, na safari za Pemba na Tanga

Mkaazi wa Fuoni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimekusudia kununua gari ya umeme iliyotumika, Nissan Leaf kutoka Japani, na kabla sijalipa ningependa kupata maoni ya wale ambao tayari wanaendesha gari za aina hii hapa visiwani, pamoja na mafundi umeme wanaozijua nyumba zetu. Nimesoma mengi yaliyoandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, lakini wao hupanga safari zao kwa vituo vya chaji vilivyopangika barabarani, na sehemu kubwa ya ushauri wao haiendani na hali yetu.

Matumizi yangu ni haya. Siku za kazi natoka Fuoni asubuhi, nawapeleka watoto skuli, naelekea Malindi kazini, na jioni narudi. Kwa siku nzima safari haizidi kilomita 30, hata nikipitia sokoni Mwanakwerekwe. Mwisho wa wiki mara nyingi tunakwenda Makunduchi kwa wazee na kulala huko. Sikukuu tunakwenda Wete kwa wakwe zangu, na gari huipakia melini. Mara chache nakwenda Tanga kwa kaka yangu mkubwa, na hiyo ndiyo safari inayonitia wasiwasi zaidi.

Nyumba yangu ina mita ya Tukuza, ile ya kununua yuniti kabla ya kutumia, ya fezi moja na soketi za kawaida za pini tatu. Gari italala uani, kiasi cha mita 15 kutoka kwenye bodi ya umeme. Muuzaji mmoja ameniambia kwamba ni lazima ninunue chaja ya ukutani ya kilowati 7, na mwengine ameniambia nichomeke popote, na waya usipofika nitumie ekstensheni. Mashauri haya mawili yanapingana kabisa na bado sijajua lipi la kufuata. Vile vile nachagua kati ya Leaf yenye betri ya kilowati-saa 24, ambayo ni nafuu, na ile ya 40. Je, pesa nizielekeze kwenye betri kubwa au kwenye chaja ya nyumbani? Na sola ina nafasi gani katika jambo hili?

Fundi Umeme wa Mwanakwerekwe

Wa alaykumu salaam ndugu yangu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa, kwa sababu jambo la mwanzo la kuamua ni umeme wa nyumba, na gari ifuate baadaye.

Tuanze na hesabu. Leaf kwa mwendo wa mjini hutumia takriban kilowati-saa 15 kwa kilomita 100, yaani yuniti 15 za Tukuza. Kilomita zako 30 kwa siku ni yuniti 4 na nusu, na ukiongeza kile kinachopotea kama joto wakati wa kuchaji, mita itakusomea yuniti 5 au zaidi kidogo. Chaja ndogo inayochomekwa kwenye soketi, ikivuta ampea 10 kwa volti 230, hutoa kilowati 2.3. Kwa hiyo matumizi yako ya kila siku hurudi kwa muda wa saa mbili na nusu tu, na gari inakaa uani usiku kucha. Chaja ya kilowati 7 haina cha kukuongezea hapo. Isitoshe, Leaf nyingi za Japani zina chaja ya ndani ya gari inayopokea kama kilowati 3 tu. Ukiifungia chaja kubwa ukutani, gari itaendelea kuvuta kilowati zake 3, na pesa uliyolipa zaidi itakuwa imekaa ukutani bila kazi.

Lakini huyo aliyekwambia uchomeke popote naye amekushauri vibaya, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini. Soketi ya pini tatu imeandikwa ampea 13, lakini haikutengenezwa kwa ajili ya kubeba mzigo huo kwa saa nane mfululizo kila usiku. Pasi huvuta na kupumzika, birika huvuta dakika chache, ilhali gari haipumziki. Katika nyumba zetu soketi nyingi zimechoka, skrubu za nyuma zimelegea, na hewa ya chumvi imeshazila shaba. Tundu la pini huanza kugeuka rangi ya kahawia, plastiki hulainika, kisha hutoa harufu kama ya samaki aliyeoza, na watu huitafuta harufu hiyo jikoni wasijue kwamba inatoka ukutani. Kila ninapoitwa kwenye nyumba yenye dalili hiyo, jambo la kwanza ninalotazama ni skrubu hizo za nyuma.

Ninachokushauri ni njia ya kati. Vuta laini yake pekee kutoka kwenye bodi mpaka uani, laini ambayo haigawi umeme kwa friji wala pampu ya maji. Tumia waya wa milimita 6 ingawa kwa sasa wa milimita 4 ungetosha, kwa sababu kazi ya kuchimba ukuta ni moja, na siku ukinunua gari inayopokea ampea 32 hutalazimika kubomoa tena. Mwisho wa laini funga soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 16, ile ya duara yenye kifuniko, kwa kuwa pini zake ni nene na hazilegei. Kwenye bodi weka breka ya ampea 16 pamoja na breka ya uvujaji wa umeme, ile tunayoiita RCD, na chagua ya aina ya A au B. Ile ya zamani ya aina ya AC inaweza kupumbazwa na umeme mnyoofu (DC) unaovuja kutoka kwenye gari, ikashindwa kukata siku ya hatari. Mwambie fundi wako aoneshe herufi hiyo kwenye breka kabla hajaifunga.

Ekstensheni iache kabisa. Ile ya kuviringisha kwenye gurudumu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu waya uliokunjwa hushindwa kutoa joto lake.

Bado pana suala la waya wa ardhi, ule unaopeleka chini umeme unaovuja, na hili ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Chaja ya gari hupima ardhi kabla ya kuanza kazi, na ikiona haitoshi huwasha taa nyekundu na kukataa. Fuoni kuna udongo, na fimbo ya shaba ikipigwa chini hushika vizuri. Makunduchi ni maweni. Fimbo haingii, na hata ikiingia, jiwe kavu halipitishi umeme ipasavyo. Kule huchimbwa mtaro, hutandazwa utepe wa shaba, na kuletwa udongo wa kufukia juu yake, na pengine hufungwa fimbo kadhaa pamoja. Fundi apime kwa kipimo cha ardhi na akuoneshe namba. Asikwambie kwamba ameona waya wa kijani umefungwa, maana waya unaweza kuwapo na usiwe umeshika chochote. Wala msiegemee bomba la maji kama ilivyokuwa zamani, kwani mabomba ya siku hizi ni ya plastiki.

Bi wa Wete

Assalaam alaykum. Mimi naendesha Leaf hapa Pemba, ya betri ya 24, kwa hiyo nitasema yale ninayoyaishi.

Kaka yangu wa Fuoni, kama uwezo upo, nunua ya 40. Betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza kwa maji kama zilivyo betri za gari nyengine, na joto la pwani yetu huichosha. Gari ya 24 ilipokuwa mpya ilikwenda kilomita kama 120 au 130, lakini zinazotufikia sisi zimeshatumika miaka mingi. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji akupigie picha ya dashibodi gari ikiwa imewashwa. Pembeni mwa kipimo cha chaji utaona vijiti vidogo. Gari nzima ina 12. Zikibaki 9 maana yake betri imebaki na kiasi cha asilimia 70 ya uwezo wake, na hapo usitegemee zaidi ya kilomita 80 au 90 ukiwa na kiyoyozi na familia ndani. Muuzaji asiyetaka kupiga picha hiyo, mwache na gari yake.

Ukishuka Mkoani, mpaka Wete ni kama kilomita 60, na Pemba si tambarare kama Unguja. Ukitoka Mkoani kuelekea Chake Chake unapanda na kushuka muda wote. Kipimo hushuka haraka kwenye vilima, kisha hupanda kidogo kwenye miteremko kwa sababu gari hurudisha umeme inapojizuia, na mgeni anaweza kushtuka bure. Hata hivyo gari ya 24 iliyochoka itafika Wete ikiwa imebakiwa na kidogo sana. Kwa hiyo ijaze Fuoni usiku wa kuamkia safari, na ukiwa na ndugu au rafiki Chake mwenye soketi nzuri, mjulishe mapema, hata kama hutahitaji kusimama.

Kuhusu nyumba ya wakwe, naomba uniwie radhi nikiingia katika mambo ya adabu. Usifike ukachomeka tu. Muombe mzee ruhusa, mueleze gari itakula yuniti ngapi, na nunua yuniti hizo mwenyewe uziingize kwenye mita yake kabla hajauliza. Yuniti 10 au 15 za ghafla katika nyumba ya wazee huonekana mara moja. Tena nyumba nyingi za zamani hazina waya wa kuaminika, kwa hiyo ununue chaja yenye kitufe cha kupunguza ampea. Mimi ninapokuwa ugenini naiweka 6 au 8. Ampea 6 ni kilowati 1.4 tu, lakini kuanzia isha mpaka asubuhi napata kiasi cha kilomita 80 na zaidi, na plagi nikiishika haina joto. Kuishika plagi baada ya saa moja ni jambo ambalo silikosi, popote ninapochaji: ikiwa vuguvugu ni sawa, ikiwa moto kiasi cha kutaka kuondoa mkono, nachomoa.

Jambo jengine ni kutoiacha gari imejaa asilimia 100 juani. Joto na betri iliyojaa vikikutana ndipo uharibifu unapokuwa mkubwa. Jaza mpaka 80 kwa siku za kawaida, na ufikishe 100 pale tu unaposafiri, tena karibu na saa ya kuondoka. Kivuli cha mwembe au banda la makuti lina faida kubwa kwa betri kuliko watu wanavyofikiri.

Dereva wa Njia Ndefu

Nashukuru kwa maelezo ya Bi wa Wete, nami nimemsoma kwa makini. Mimi nitajibu suala la Tanga.

Ukivuka Dar es Salaam na kupita Chalinze na Segera, mpaka Tanga ni takriban kilomita 350. Leaf ya 40 katika barabara kuu, kwa mwendo wa 80 na kiyoyozi, tegemea kilomita 200 au zaidi kidogo. Ukikaza mwendo wa 100 utapungukiwa sana, kwa sababu upepo unaoukata huongezeka kwa haraka kuliko mwendo wenyewe. Vijiji vyenye kibao cha 50, ambavyo madereva wa gari za petroli huvilalamikia, kwa gari ya umeme ni nafuu. Lakini hata ukiendesha kwa ustadi wote, chaji moja haitoshi safari yote, na lazima ulale njiani. Usiku wa saa 10 kwenye soketi ya ampea 10 hukupa kama kilowati-saa 20 zinazoingia kwenye betri, yaani nusu ya betri, kilomita 100 au zaidi kidogo. Kwa hiyo hata ukiondoka Dar umejaa, usiku mmoja hautoshi, na ukilala njiani mara mbili utafika Tanga. Ukiwa na haraka, hutafika.

Je, chaji ya haraka? Leaf hutumia plagi ya CHAdeMO, na hii ni tofauti na CCS ya gari za Ulaya na tofauti na GB/T ya gari zilizotengenezwa kwa soko la China. Usitosheke na kuambiwa kwamba mahali fulani pana chaja. Piga simu, uliza aina ya plagi, uliza kama inafanya kazi leo, na umuombe mwenyewe akutumie picha ya kichwa cha waya. Na hata ukiipata, Leaf ya 40 ikishapigwa chaji ya haraka mara moja baada ya mwendo mrefu betri hupata moto, na mara ya pili gari yenyewe hupunguza kasi ya kupokea ili kujilinda. Hilo ni jambo linalojulikana sana kwa wenye gari hizi duniani kote, na kwa joto la Chalinze saa nane mchana linakuja mapema.

Kwa maoni yangu, ndugu wa Fuoni, kwa safari ya mara chache ya Tanga iache gari nyumbani na upande basi kutoka Dar. Sisemi hivi kwa kuidharau gari ya umeme, maana kwa Unguja naona hakuna gari inayofaa kuliko hiyo: kutoka Mjini mpaka Nungwi ni kiasi cha kilomita 60, Makunduchi inakaribiana na hapo, na kila unapokwenda unaweza kurudi kulala kwako. Lakini kununua betri kubwa mno, au kuihangaisha familia njiani kwa ajili ya safari ya mara moja kwa mwaka, si matumizi mazuri ya pesa.

Mkaazi wa Fuoni

Ahsanteni sana. Nimeamua kuchukua ya 40 na kuvuta laini kama alivyoeleza fundi. Tanga nitapanda basi. Nimebakiwa na masuala mawili. Kwanza, sola: nilikuwa na fikra ya kufunga paneli juu ya paa ili gari isitegemee umeme wa gridi, kwa sababu sijasahau tulivyokaa gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Pili, gari ikija na waya wake wa Japani, je, nibadilishe kichwa cha plagi tu?

Fundi Umeme wa Mwanakwerekwe

La pili kwanza, maana ni la hatari. Usikate waya wa Japani. Kule umeme wa nyumbani ni volti 100, na wa kuchajia gari ni 200. Soma kibandiko cha kisanduku chake, na kama hakikutaja 230, kihifadhi kabatini. Nunua chaja ya kubebeka iliyotengenezwa kwa volti 230, yenye kichwa cha aina ya 1 kwa upande wa gari, kwa kuwa Leaf za Japani hutumia hiyo na si aina ya 2 ya Ulaya. Chukua yenye kubadilisha ampea, na yenye plagi mbili za kubadilishana: ya bluu kwa ajili ya nyumbani, na ya pini tatu kwa Makunduchi na Wete.

Kuhusu sola, khofu yako naielewa. Umeme wa Unguja unapita kwenye waya wa chini ya bahari kutoka bara. Wa kwanza ulilazwa mwaka 1980, ukatuangusha mwaka 2008 na tena katika kipindi ulichokitaja, na tangu mwaka 2013 tunao ule wa megawati 100. Pemba nayo imeunganishwa na Tanga tangu mwaka 2010. Hali si ile tena, ila kukatika kwa saa chache kupo, na gari yenye betri ya 40 inayotumia yuniti 5 kwa siku inavumilia hata siku tano bila kuchomekwa. Kukatika kwa umeme kwa usiku mmoja hakutakugusa, na chaja nyingi huendelea zenyewe umeme ukirudi.

Tatizo la sola kwako ni saa. Paneli ya kilowati 1 hapa kwetu hutoa kiasi cha kilowati-saa 4 kwa siku, kwa hiyo paneli za kilowati 2 zingetosha safari zako kwa hesabu ya kalamu. Lakini jua linapowaka gari iko Malindi, na inaporudi jua limeshatua. Utalazimika kununua betri ya nyumbani ili ihifadhi umeme wa mchana na kuuhamishia kwenye betri ya gari usiku, na inveta yenye uwezo wa kubeba kilowati 2 mfululizo, na gharama hiyo ni kubwa. Kama una mtu anayebaki na gari nyumbani mchana, au kazini wanakuruhusu kuchaji, hesabu inabadilika. Vyenginevyo paneli zifungie nyumba, ziendeshe friji na feni, na mwisho wa wiki ambao hamkwenda Makunduchi gari ipate jua lake.

Na ukifikiria genereta kama akiba, fahamu kwamba genereta ndogo nyingi hazikuunganishwa na ardhi, na chaja itakataa kwa taa ile ile nyekundu.

Usichaji kuanzia magharibi mpaka saa nne usiku, wakati kila nyumba imewasha jiko, taa na televisheni na volti zimeshuka. Weka saa ya kuanzia chaji iwe saa sita. Katika Leaf saa hiyo huwekwa kwenye kioo cha dashibodi, na kwa kuwa gari za Japani huandika Kijapani, tafuta mtu akuoneshe mara moja au ununue chaja yenye saa yake mwenyewe.

Siku ya kufunga, kisanduku cha chaja kitundikwe kwenye ndoano, kisining'inie kwa waya wake na kuivuta soketi, na juu yake pawe na kibanda kidogo cha kuzuia mvua ya masika. Pima pia urefu. Tundu la chaji la Leaf liko puani mwa gari, kwa hiyo ukizoea kuingia uani kwa kurudi nyuma, waya wa mita 5 hautafika. Nunua wa mita 7 au 8.